Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyevuka Atlantiki kwa injini iliyokosa pumzi

Na MWANDISHI WETU

MTO Njoro huanzia katika msitu wa Mau, ukateremka kupitia mashamba ya Njoro na kupita karibu na mtaa wa Rhonda, jijini Nakuru, kabla ya kuishia katika Ziwa Nakuru. Wengi wa wakazi wa mtaa huo hawana habari kwamba juu kidogo, kwenye mashamba yayo hayo yanayopitiwa na mto huo, alilelewa mwanamke aliyekuwa wa kwanza duniani kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki hadi magharibi.

Jina lake ni Beryl Markham. Ndege aliyoitumia mwaka wa 1936 ilikuwa na herufi VP-KCC ubavuni. Herufi VP-K ndizo zilizokuwa alama ya ndege zote zilizosajiliwa Kenya enzi hizo za ukoloni. Kwa maneno mengine, ilikuwa ndege ya Kenya, na rubani wake alikizungumza Kiswahili tangu utotoni.

Beryl Clutterbuck, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa Oktoba 26, 1902, katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfunzaji wa farasi wa mashindano. Familia hiyo ilihamia Kenya Beryl akiwa na umri wa miaka minne hivi, na Clutterbuck akapata shamba Njoro, jirani na mlowezi mashuhuri Lord Delamere.

Si haki kuyataja mashamba hayo bila kueleza yalivyopatikana. Delamere alipewa ekari 100,000 eneo la Njoro mwaka wa 1903. Mwaka uliofuata, Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kwa mkataba uliowapeleka Laikipia, nako wakaja kuondolewa tena miaka michache baadaye. Utoto wa Beryl, ambao yeye mwenyewe aliusimulia kana kwamba ulikuwa wa peponi, ulijengwa juu ya ardhi ya watu wengine.

Mamake, Clara, hakuyastahimili maisha ya shambani. Alirejea Uingereza pamoja na Richard, kakake Beryl, na kumwacha binti huyo na babake. Kuanzia hapo malezi yake yalikuwa mikononi mwa watumishi wa shamba na jamaa zao, wengi wao Wakalenjin. Alijifunza lugha yao, akajifunza kurusha mkuki, na alizoea kuandamana na wanaume mawindoni katika msitu wa Mau, jambo ambalo wasichana wa jamii hiyo wenyewe hawakuruhusiwa kulifanya.

Rafiki yake wa utotoni alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alijulikana kama arap Ruta. Tutamrejelea.

Babake Beryl, mbali na farasi, alikuwa na kinu cha kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao. Kwa hiyo binti huyu alikua katika mazingira ya injini na mikanda inayozunguka, mafuta na grisi. Shule hakuipenda, alipelekwa Nairobi na hakudumu huko. Mwaka wa 1919, kabla hajatimiza miaka 17, aliolewa na Jock Purves, mlowezi aliyekuwa na shamba karibu na la babake. Ndoa hiyo haikudumu.

Ukame uliofuatia Vita vya Kwanza vya Dunia ulimfilisi Clutterbuck. Kulingana na masimulizi ya bintiye, alikuwa ameahidi kuuza unga kwa bei iliyowekwa mapema, na mvua iliponyima, nafaka ikawa ghali kuliko unga wenyewe. Angeweza kuvunja mikataba lakini aliitimiza. Shamba likauzwa, naye akaenda Peru kufunza farasi.

Beryl alibaki. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo nchini. Alifanya kazi hiyo Molo na Nakuru, na mwaka wa 1926 farasi wake, Wise Child, aliyekuwa na miguu dhaifu, alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi.

Mwaka wa 1927 aliolewa na Mansfield Markham, ambaye jina lake alilihifadhi hadi kufa. Mwaka wa 1929 alijifungua mwana, Gervase, ambaye alilelewa Uingereza na upande wa babake. Habari za mapenzi yake, yakiwemo yale ya mwana wa mfalme wa Uingereza, zimewatajirisha waandishi wengi. Hapa hazitatushughulisha.

Gari lililokwama Molo

Katika kitabu chake, Beryl anasimulia kwamba alikutana kwa mara ya kwanza na Tom Campbell Black barabarani karibu na Molo. Yeye alikuwa juu ya farasi. Mwanamume huyo alikuwa ameinama juu ya injini ya gari lililokataa kwenda. Mazungumzo yao hayakuwa ya magari wala ya farasi, bali ya ndege, chombo ambacho ni wachache mno katika Bonde la Ufa waliokuwa wamekiona wakati huo.

Campbell Black alikuwa mkulima eneo la Rongai, magharibi ya Nakuru, kabla ya kuwa rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929 na Bi Florence Kerr Wilson. Uwanja wa Wilson umepewa jina la mwanzilishi huyo. Campbell Black ndiye aliyemwokoa rubani Mjerumani Ernst Udet aliyekwama katika vinamasi vya Sudan mwaka wa 1931, na mwaka huo huo akaanza kumfunza Beryl kuruka.

Ulikuwa mwaka mbaya wa kuanza. Mnamo Mei 14, 1931, Denys Finch Hatton, rafiki yao wa karibu, alikufa ndege yake ndogo ilipoanguka na kuteketea mara tu baada ya kupaa Voi. Alikufa pamoja na mtumishi wake, Kamau, ambaye husahaulika kila kisa hicho kinaposimuliwa. Beryl aliandika kwamba alikuwa amealikwa kwenye safari hiyo, na Campbell Black ndiye aliyemshauri asiende.

Hata hivyo, hakuacha mafunzo. Kufikia Julai alikuwa amepata leseni ya kwanza.

Ili msomaji aelewe kazi aliyojitwika, ni vyema kueleza jinsi ndege ya wakati huo ilivyowashwa. Haikuwa na kitufe. Rubani aliketi ndani, na mtu wa pili akasimama mbele ya propela. Kwanza koki ya petroli ilifunguliwa, kabureta ikachokozwa hadi petroli ikaanza kudondoka, kisha swichi zikiwa zimezimwa propela ikazungushwa kwa mkono mara kadhaa ili silinda zivute mvuke wa mafuta. Baada ya hapo rubani aliwasha swichi, na yule wa mbele akaivuta propela kwa nguvu na kuruka nyuma papo hapo. Aliyechelewa kurudi nyuma aliweza kupoteza mkono, au kichwa. Maelewano kati ya watu hao wawili yalikuwa suala la uhai.

Mafuta nayo yalikuwa na taabu zake. Nje ya Nairobi petroli ilipatikana kwenye madebe ya galoni nne, kila moja likibeba lita 18 hivi. Debe likikaa juani na mvuani hupata kutu, vumbi na maji. Kwa hiyo marubani wa nyikani walimimina mafuta kupitia faneli iliyotandikwa ngozi laini, ambayo hupitisha petroli na kuzuia maji. Ni kazi ya polepole inayochosha mikono, na aliyeiharakisha aliweza kujutia akiwa juu ya msitu, mahali pasipo pa kutua.

Hapa ndipo arap Ruta anaporejea. Aliyekuwa mtunza farasi wa Beryl alihama pamoja naye kutoka mazizini hadi uwanja wa ndege, akabadilisha brashi ya farasi kwa kitambaa cha kupangusa mafuta. Historia ya urubani nchini imemwandika kwa kalamu ya risasi tu. Yote tunayoyajua kumhusu yametoka kwa mwajiri wake, na yeye mwenyewe hakuacha maandishi.

Mwaka wa 1932 Beryl aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza kwa ndege yake ndogo aina ya Avian, kupitia Sudan na Misri. Mwaka wa 1933 alipata leseni ya urubani wa kibiashara, akiwa mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Leseni hiyo haikutolewa kwa ujuzi wa kuruka pekee. Mtahiniwa alitakiwa kuifahamu injini kifundi, aweze kuifungua, kusafisha vichujio na kubadilisha plagi. Ndipo akaanza kubeba barua, abiria, dawa na wagonjwa, na kuwatafutia wawindaji, miongoni mwao Bror Blixen, makundi ya ndovu kutoka angani. Kazi hiyo ya mwisho ilimpa pesa nzuri. Leo hii ingempeleka kizimbani.

Injini ya Rhonda

Msomaji aniwie radhi nitoke kando kidogo. Katika miaka ya 1980, nikiwa kijana, fundi mmoja wa redio mtaani Rhonda alikuwa na injini ya ndege ya mchezo, ndogo kiasi cha kutoshea kiganjani, ambayo sikuwahi kujua aliipata wapi. Ndege yenyewe haikuwepo. Aliifunga injini juu ya ubao na kutuita tuitazame Jumapili alasiri.

Injini hizo hazitumii petroli. Hutumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi ya mbarika, na ndiyo maana moshi wake una harufu tamu isiyosahaulika. Plagi yake haitoi cheche. Ndani ina waya mwembamba uliosokotwa, wenye madini ya platinamu, ambao hupashwa moto kwa betri ya volti moja na nusu hadi ukawa mwekundu. Fundi aliziba mdomo wa kabureta kwa kidole, akazungusha propela mara mbili ili mafuta yafike, akaunganisha betri, kisha akaipiga propela kwa kijiti. Kidole kilikuwa kimemfunza adabu zamani. Injini iliposhika aliondoa betri, nao waya ukabaki mwekundu kwa joto la mwako wenyewe na kwa jinsi methanoli inavyowaka inapogusana na platinamu.

Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwa sababu hiyo ilibidi akaze sindano ya kabureta kupunguza mafuta, kwa maana kipimo kinachofaa Mombasa huizamisha injini hapa kwetu. Marubani wa miaka ya 1930 walifanya vivyo hivyo kwa wenzo maalumu walipopaa juu.

Siku hiyo injini ilinguruma kwa muda mfupi, ikaanza kukohoa, ikazimika. Ikawashwa tena, ikafa tena. Mafuta yalikuwa tele tangini. Fundi alihangaika hadi jua lilipokaribia kuzama ndipo akagundua kuwa nyigu alikuwa ameziba kwa udongo kibomba chembamba cha kuingiza hewa katika tangi. Kila mtu jikoni anaijua siri hiyo: mkebe wa mafuta hutobolewa matundu mawili, moja la kumiminia na jingine la hewa. Bila hilo la pili, mafuta yanagoma kutoka hata kama mkebe umejaa.

Sikuyakumbuka hayo tena hadi miaka mingi baadaye, niliposoma yaliyompata Beryl Markham.

Usiku juu ya bahari

Kufikia mwaka wa 1936 Atlantiki ilikuwa imevukwa na marubani kadhaa. Amelia Earhart wa Marekani aliivuka peke yake mwaka wa 1932, lakini akielekea mashariki, upepo ukimsukuma. Mwaka huo huo Jim Mollison aliivuka peke yake kuelekea magharibi, akianzia Ireland. Mwanamke aliyeivuka peke yake kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, hakuwa amepatikana.

Ndege alipewa na John Carberry, mlowezi wa Nyeri aliyekuwa na sifa ya ukatili, ambaye mkewe, Maia, alikufa katika ajali ya ndege Nairobi mwaka wa 1928. Carberry alitaka ndege hiyo irejeshwe upesi kwa kuwa alinuia kuishindanisha katika mbio za kutoka Uingereza hadi Johannesburg mwezi huo wa Septemba. Ilikuwa ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, yenye injini ya Gipsy Six ya nguvu za farasi 200. Ilipewa jina la The Messenger, yaani Mjumbe.

Ili iweze kufika New York bila kutua, matangi ya ziada yaliwekwa ndani ya chumba cha rubani, yakamzunguka Beryl hata nafasi ya kujigeuza ikawa haba. Matangi hayo hayakuwa na geji. Aliambiwa tu kila moja lingedumu takriban saa ngapi, na akaagizwa aliache likauke kabisa kabla ya kufungua koki ya lile linalofuata. Maana yake ni kwamba kila tangi lilipokwisha injini ilikuwa lazima izimike angani, naye aifufue. Jaketi la kujiokolea majini hakulichukua, eti lingeongeza uzani.

Alipaa kutoka Abingdon jioni ya Septemba 4, 1936, hali ya hewa ikiwa mbaya. Usiku huo, tangi la kwanza la ziada lilikauka. Injini ilikohoa ikanyamaza, na ndege ikaanza kuteremka gizani kuelekea majini huku yeye akiipapasa koki kwa tochi. Kwa maelezo yake, alikuwa amebakiza futi mia chache tu injini ilipounguruma tena. Waliowahi kumlaumu kwa majivuno wangefaa kuutafakari muda huo mfupi: mtu mmoja ndani ya kasha la mbao na kitambaa, bila redio ya kuomba msaada, akisikiliza mlio wa upepo mahali pa mlio wa injini.

Aliruka usiku kucha katika mvua na mawingu, akiongozwa na dira na vipima vichache. Asubuhi iliyofuata aliiona pwani ya Newfoundland. Alikuwa sasa kwenye tangi la mwisho, lililojaa, lenye mafuta ya kumtosha kwa saa nyingi, na bara la Amerika lilikuwa mbele yake. Hapo ndipo injini ilipoanza kukatika.

Alifungua na kufunga koki mara kwa mara hadi chuma kikamkata mikono. Injini ilishika, ikafa, ikashika tena. Kila ilipokufa alipoteza kimo, na kila iliposhika alikirudisha kwa shida. Alilenga uwanja wa ndege wa Sydney katika kisiwa cha Cape Breton, Canada, lakini hakuufikia. Alipoona nchi kavu chini yake aliteremka kwenye uwanja uliofanana na majani mazuri, kumbe kilikuwa kinamasi chenye mawe. Magurudumu yalizama, pua ya ndege ikajikita kwenye matope, naye akapigwa kichwa kwenye kioo. Alikuwa ametumia saa 21 na dakika 25 angani.

Mahali hapo panaitwa Baleine Cove, na waliompokea walikuwa wavuvi. Damu ilikuwa ikimtoka kwenye paji la uso.

Kilichoiangusha ndege hiyo hakikuwa upungufu wa mafuta. Barafu ilikuwa imejijenga kwenye tundu la hewa la tangi la mwisho. Petroli ilikuwapo, hewa ya kuchukua nafasi yake ndiyo iliyokosa njia. Laiti barafu hiyo ingeziba tundu la tangi la kwanza au la pili, katikati ya bahari, jina lake lingekuwa leo katika orodha ya marubani waliotoweka.

Siku iliyofuata alisafirishwa hadi New York na kupokewa na Meya Fiorello LaGuardia na umati mkubwa. Yeye mwenyewe alijiona ameshindwa, kwa kuwa alinuia kufika huko kwa ndege yake. Furaha haikumkalia kwa muda mrefu. Septemba 19, Tom Campbell Black, aliyemfunza kila alichokijua kuhusu ndege, alikufa katika uwanja wa Speke, Liverpool, baada ya ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitembea ardhini kuigonga ndege yake. Alikuwa akijiandaa kwa mbio zizo hizo za Johannesburg.

Baada ya hapo urubani ulififia maishani mwake. Alihamia California, na mwaka wa 1942 kitabu chake, West with the Night, kikachapishwa Marekani. Mwaka huo huo aliolewa mara ya tatu, na mwandishi Raoul Schumacher. Kitabu kilisifiwa na wahakiki lakini vita vikakifunika. Baadaye wapo waliodai kwamba Schumacher ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Mimi, ambaye nimekula mshahara kwa kusahihisha maandishi ya wengine, naona kwamba mkono wa mhariri unaweza kuinyoosha sentensi, lakini hauwezi kubuni kiganja kilichokatwa na koki. Anayetaka kubishana na abishane.

Alirudi Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940 na kurejelea farasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa wafunzaji bora zaidi nchini, akashinda mbio za Kenya Derby mara kadhaa. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi, akiwa na pesa kidogo na wageni wachache.

Hali ilibadilika kwa njia isiyotarajiwa. Barua ya mwandishi Ernest Hemingway ya mwaka wa 1942, iliyokisifu kitabu hicho na kumsuta mwenyewe vikali kwa tabia zake, iligunduliwa na msomaji mmoja wa California. Kitabu kilichapishwa upya mwaka wa 1983 na kuuzwa kwa wingi, na mapato yake yakamsitiri katika miaka yake ya mwisho.

Beryl Markham alifariki Nairobi mnamo Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83. Ilikuwa imesalia takriban mwezi mmoja kutimia miaka 50 tangu apae Abingdon. Wanaastronomia wamelipa jina lake kreta moja katika sayari ya Zuhura. Huko Njoro, wenyeji wangali wanawaonyesha wageni nyumba ndogo ya mbao wanayosema babake alimjengea.